Kibaba, Pishi na Gunia

Kahindi alikuja na futi ya fundi,
ile ya chuma inayojikunja yenyewe,
akawapima mbwa wangu mabega
kama mtu anayenunua mlango.
Sikumcheka. Wezi wamempitia mara mbili kule Muyeye,
na mara ya pili walibeba hata sufuria,
wali ukiwa ndani.

"Nataka mkubwa," akasema.
Kila anayefika kwangu Maweni anataka mkubwa.

Mbwa wangu ni wa ndevu, mbegu ya Ujerumani.
Watoto wa mtaa huwaita wazee wa baraza.
Nyusi zile zile, ndevu zile zile, ubishi ule ule,
ila aliyewagawa alitumia vipimo vitatu,
nami nikawaita hivyo:
Kibaba, Pishi, Gunia.

Gunia ana miezi mitano.
Akisimama huniwekea miguu kifuani
kama mtu anayedai deni.
Wahenga walisema habari za samaki mbichi,
lakini samaki hali kilo ya dagaa kwa siku.
Nikamwambia Kahindi: huyu asipojua kutembea kando yako
kabla ya mvua za Aprili,
mwezi wa nane atakutembeza yeye,
wewe na ndala zako, mpaka sokoni.

Pishi, wa kati, ni mwanafunzi mwepesi
na ndiyo taabu yake.
Mrudie neno mara tatu,
mara ya nne atakutazama kama karani wa benki.
Mpe kazi. Asipopewa hujitafutia:
mwaka jana alichimba nyuma ya choo
hadi tukadhani tumepata kisima.

Lakini aliyenichosha ni Kibaba.
Mkubwa akikosa, nyumba nzima hushtuka.
Mdogo akikosa, watu hucheka.
Alimng'ata mtoto wa jirani kisigino, wakacheka.
Alipanda mkekani, wakacheka.
Akawabwekea waendao Alfajiri,
mzee Shebwana akalazimika kurudi kubadili kanzu,
na hapo kicheko kikakatika.
Mwezi mzima niliamka saa kumi usiku,
vipande vya maini mfukoni,
kumfunza jambo moja tu:
adhana ikianza, nyamaza.
Sasa hukaa, masikio juu, kama anayehesabu.

Nikamwuliza Kahindi: unarudi saa ngapi?
"Napika hotelini. Zamu ya usiku."
Na kamba atashika nani?
Hakujibu. Aligeuka.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya ndoo niliyoipindua,
Bi Mbeyu, leso ameikusanya magotini isiguse chini.
Mkono wake wa kulia haupandi kupita bega.
Tangu waingie alikuwa hajasema kitu.

"Waambie watoke," nikamwomba.
Akasema "Tokeni,"
taratibu, kama anayefunika chungu.

Pishi akatoka.
Gunia akafikiri, akapiga mwayo, akatoka.
Kibaba akasogea, akakalia ncha ya leso.

Bi Mbeyu akacheka.
"Unaona?" nikamwambia mwanawe. "Huanza hivyo."

Kahindi akaifungua tena futi,
akaitazama tu, hakupima kitu.

Sikuwauzia siku ile.
Nilimpa mama kamba ya Gunia, mkono wa kushoto,
nikamwomba aende naye
hadi kwa muuza viazi karai, kisha arudi.
Kwenda, kamba ililegea.
Kurudi, ilikaza.
Hakuanguka. Alitweta, akaangalia kiganja chake
mahali palipobaki mstari mwekundu,
akauliza kama mbwa huyu anakula muhogo.

Njooni Jumamosi, nikasema. Wote wawili.

Futi waliisahau juu ya ndoo.
Jioni haikuwepo.
Pishi alikuwa amekaa kimya mno.